Gofu Fort Ikoma, chandimu Genkuru

(Yafuatayo ni maelezo ya juma kama yalivyosomwa redioni Jumapili jioni.)



Juma lililopita nilikuwa Genkuru. Najua wengi wenu mnaonisikiliza mkiwa Dar es Salaam, Mwanza au Arusha mtauliza Genkuru ndiyo wapi. Ni kijiji cha Wakurya, wilayani Tarime, mkoani Mara, miongoni mwa vijiji vilivyo jirani na mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo. Ukielekea kusini unakutana na Mto Mara, na ukishauvuka umeingia wilaya ya Serengeti. Kwa hiyo mtu wa huko ana dhahabu mlangoni na nyumbu uani. Ukimwambia kuwa yeye ni maskini atakutazama kwanza, halafu atacheka.

Nilikwenda kwa ajili ya msiba, sikwenda kikazi. Lakini masikio ya mtangazaji hayana likizo, na siku ya pili jioni, watu walipokwisha kula na wazee kuhamia kivulini, nikavutwa na kelele za vijana waliokuwa wakicheza mpira. Nikaenda kusimama pembeni kama ilivyo desturi ya kila mwanamume wa nchi hii anayepita karibu na mpira, awe na haraka au asiwe nayo.

Uwanja wenyewe nauita uwanja kwa heshima ya wachezaji. Goli moja liko juu na jingine liko chini, kiasi kwamba timu inayoshambulia kuelekea mtoni hukimbia bila kutaka, na inayoshambulia kupanda hufika golini ikiwa imekwisha choka. Milingoti ya juu ni miti ya mkaratusi iliyofungwa kamba. Ya chini ni mawe mawili. Katikati hapo panapita njia ya ng'ombe, na hilo ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Ilipofika saa kumi na moja hivi mifugo ikaanza kurudi kutoka malishoni. Mchezo ukasimama. Hakuna aliyelalamika wala aliyefukuza mnyama. Vijana ishirini na wawili wakasimama mikono kiunoni mpaka ndama wa mwisho alipopita, na mwamuzi, ambaye nadhani ni mwalimu, akatazama saa yake na kuziandika zile dakika pembeni.

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu yangu akaniambia, "Mwanangu, huko kwenu mpira una mapumziko mara moja. Sisi tunayo mara mbili. La pili ni la ng'ombe."

Sasa, msikilizaji, ningeliiacha habari hii hapo ikawa hadithi ya kuchekesha, kama si kijana mmoja aliyetolewa nje baada ya kuumia goti na kuja kukaa nasi. Alituambia kuwa aliwahi kufanya kibarua upande wa Ikoma, na kwamba huko ameona uwanja mwingine wa michezo ukitengenezwa, wa nyasi tupu, mkubwa kuliko shamba lolote analolifahamu. Ni uwanja wa gofu. Akaniuliza, "Mzee, eti huo mchezo mshindi ni yule anayepiga mara chache?" Nikamjibu ndiyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi ni mchezo wa wavivu." Wazee wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini usiku sikupata usingizi mapema.

Maana alichokisema yule kijana ni kweli. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, liliamua kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18 hapo Fort Ikoma, wilayani Serengeti, pale Wajerumani walipojenga ngome yao mwanzoni mwa karne iliyopita, nje kidogo ya mpaka wa hifadhi. Sababu zilizotolewa ni za kiuchumi. Mtalii aliyekwisha ona simba na nyumbu hana la kufanya siku ya nne, anapanda ndege na kuondoka. Akiwa na gofu atakaa siku mbili zaidi, atalipa chumba, atakula, atamlipa dereva. Tena wako watu duniani ambao huchagua nchi ya kutembelea kwa kutazama kwanza kama kuna mahali pa kupiga mpira wa gofu. Watu hao wana fedha. Hilo ndilo wataalamu wanaliita utalii wa michezo, na majirani zetu wa Kenya wamekuwa wakinufaika nao kwa miaka mingi kupitia viwanja vya Nairobi na vya pwani.

Nisieleweke vibaya. Mimi sina ugomvi na gofu. Wala sisemi kwamba Serengeti isitafute njia mpya za kuwaweka wageni. Ninachotaka tufanye leo ni hesabu ndogo tu, ile ya darasa la tano. Uwanja wa mpira wa miguu wa kiwango kamili una urefu wa meta 105 na upana wa meta 68. Hiyo ni chini ya robo tatu ya hekta. Uwanja wa gofu wa mashimo 18 kwa kawaida huhitaji hekta 50 au zaidi. Kwa maneno mengine, eneo la uwanja mmoja wa gofu linatosha viwanja 70 vya mpira. Sabini! Na mchezo wa gofu huchezwa na watu wanne wanne, wakifuatana kwa nafasi, wakitembea polepole.

Hebu turudi nyuma kidogo ili tuelewe tumefikaje hapa.

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Dunia ilianza kuijua sana mwaka 1959, pale Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walipotengeneza filamu juu ya wanyama wake. Michael alikufa kwa ajali ya ndege katika kazi hiyo hiyo, na filamu ikapata tuzo ya Oscar. Miaka ile mtalii alikuwa akianzia Nairobi, anashuka Maasai Mara, anavuka mpaka kwa gari na kuingia Serengeti kwa upande wa kaskazini, yaani upande wetu huu wa Mara. Halafu ikaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na ulipofunguliwa tena baada ya miaka kadhaa, ile njia ya watalii kati ya Maasai Mara na Serengeti ikabaki imefungwa. Mtalii akawa anatokea Arusha, anapita Ngorongoro, anaingia kwa lango la Naabi. Arusha ikanawiri. Mkoa wa Mara, ambao una sehemu kubwa ya hifadhi yenyewe, ukawa ua wa nyuma. Ukitaka kuujua ukweli wa jambo hili muulize mtalii yeyote amefika mkoa gani. Atakujibu Arusha.

Mambo yakabadilika tena. Siku hizi kila mgeni anataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara, kati ya Julai na Oktoba, mamba wakiwangoja majini. Picha hizo zimeenea kwenye simu za dunia nzima. Filamu ya Royal Tour, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua New York mwezi Aprili 2022, nayo ikaongeza kasi. Watalii walioingia nchini mwaka 2020, mwaka wa UVIKO, walikuwa laki sita na ushee. Mwaka 2024 walivuka milioni mbili na laki moja. Wengi wa wale wenye mifuko mizito huelekea kaskazini, Kogatende, ambako kuna uwanja mdogo wa ndege na kambi za mahema ambazo bei ya usiku mmoja ni ya kumsomesha mtoto wa mkulima kwa miaka. Ndege inatua, gari la wazi linampokea mgeni, anaona nyumbu, anapanda ndege. Hakupita Tarime, hakupita Nyamongo, hakupita Mugumu. Hakununua hata ndizi.

Na kaskazini kwenyewe kumeanza kujaa. Julai 2025 wengi wetu tuliona video ya watalii walioshuka magarini na kusimama kando ya mto, nyumbu wakirudi nyuma kwa woga. TANAPA ililazimika kutoa maelezo. Upande wa Kenya mwezi uliofuata ikafunguliwa hoteli ya Ritz-Carlton kando ya mto Sand, ya zaidi ya dola 3,000 kwa usiku, na kabla haijazoeleka ikawa imekwisha pelekwa mahakamani kwa madai kwamba inaziba njia ya wanyama. Kwa hiyo wakubwa wa utalii wanaposema wageni watawanywe, wapelekwe magharibi, Ikoma na Natta, wapewe shughuli nyingine, wana hoja. Gofu ya Fort Ikoma imezaliwa na hoja hiyo. Naikubali.

Lakini gofu, jamani, ina historia yake katika nchi hii, nayo si historia ya nyasi peke yake. Gymkhana za Dar es Salaam, Arusha, Moshi na Morogoro zilianza kama mahali pa Wazungu kupumzikia. Mwafrika aliingia akiwa amebeba mkoba wa fimbo au sinia. Baada ya Uhuru milango ikafunguliwa kisheria, ila mlango una namna nyingi za kufungwa. Kuna ada. Kuna nani anakudhamini. Kuna viatu.

Miaka kama kumi na mitano iliyopita nilitumwa kuandika habari za mashindano katika klabu moja ambayo sitaitaja jina. Nilikuwa nimevaa fulana nzuri tu, mpya, niliyoinunua kwa ajili ya shughuli hiyo. Mlinzi akanizuia. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba fulana haina kola. Nikamwonyesha kitambulisho cha kazi. Akasema kitambulisho kina picha yangu, na hata kwenye picha sina kola. Nilirudi mjini nikanunua shati la mitumba lenye kola, nikakuta mashindano yamekwisha na washindi wanakunywa. Mlinzi yule simlaumu, aliajiriwa kulinda kola. Lakini tangu siku ile, nikisikia mtu anasema mchezo fulani uko wazi kwa wote, huuliza kwanza wote wanavaa nini.

Haki nayo isemwe. Uwanja wa Lugalo, ulio chini ya Jeshi, umewalea vijana wengi wa kawaida. Na katika Afrika Mashariki nzima wachezaji wengi wa kulipwa walianza wakiwa wabeba fimbo. Walijifunza kwa kutazama, wakaazima fimbo jioni wenye klabu walipokwisha kwenda kuoga, wakawashinda mabwana zao. Kwa hiyo si kweli kwamba kijana wa Kikurya hawezi gofu. Mtu aliyezoea kurusha fimbo tangu utotoni akiwa nyuma ya ng'ombe huenda akawashangaza. Swali ni kama atapewa fimbo hiyo, au atapewa fyekeo tu.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. TANAPA ni shirika la umma. Kama tajiri wa nje angelijenga gofu kwa fedha zake katika eneo alilokodisha, ningelisema ni lake. Pale Grumeti, magharibi ya hifadhi, mwekezaji Mmarekani Paul Tudor Jones alichukua eneo tangu mwaka 2002, na katika hoteli yake ya Sasakwa kuna viwanja vya tenisi na farasi wa kupanda. Hiyo ni biashara yake. Na hata hao, kwa taarifa yenu, kupitia mfuko wao wa Grumeti walianzisha mwaka 2018 mbio za wanawake zinazopita ndani ya eneo lao kwa siku tatu, wageni wanachangia fedha, na fedha zinasomesha wasichana wa vijiji vya jirani. Sasa ikiwa mtu binafsi ameona njia ya kuunganisha miguu ya mgeni na shule ya mwenyeji, shirika la umma litakosa nini?

Tena mkoa wenyewe si mgeni katika michezo. Mwaka 1980 kule Moscow, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alipata medali ya fedha katika mbio za meta 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Filbert Bayi akapata ya fedha katika kuruka viunzi na maji. Medali hizo mbili ndizo za pekee Tanzania iliyowahi kupata katika Olimpiki. Mbili, moja ya Mara! Watu wa rika langu tulikua tukisimuliwa habari za Nyambui na walimu wetu kama tulivyosimuliwa habari za Kinjekitile. Na Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde pungufu ya moja, hakuna aliyeuliza alianzia gofu gani. Mbio zinataka njia na viatu. Zinataka pia mwalimu mwenye saa.

Walimu wenye saa ndio tuliowapoteza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa kwa amri, yakarudi baadaye, lakini kizazi kilikuwa kimekwisha pita. Halafu mwaka 2016 ikaja elimu bila ada. Watoto wakafurika, na hilo ni jambo jema kabisa. Mwaka 2021 zikaja fedha za UVIKO, madarasa 15,000 nchi nzima, na hilo nalo ni jema. Ila madarasa hayaelei hewani. Katika shule nyingi nilizotembelea, eneo tambarare lililokuwa wazi lilikuwa moja tu, nalo ni uwanja. Darasa likasimama penye goli, choo kikasimama penye kona. Shule niliyosoma mimi haina uwanja leo. Ukiwauliza watoto wanacheza wapi wanakuonyesha barabara.

Na vile viwanja vikubwa vya mikoani vilivyojengwa enzi za chama kimoja kwa michango ya wananchi, kwa mabati na ng'ombe na siku za kujitolea, vilibaki mikononi mwa CCM vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Kirumba ya Mwanza mnaijua. Chama kikiwa na fedha kiwanja kinapata rangi. Kikiwa hakina, kinaota magugu. Nimekwisha lisema jambo hili mara nyingi katika kipindi hiki, na barua mlizoniletea zimejaa sanduku, kwa hiyo leo napita.

Mtakumbuka pia Biashara United ya Musoma, wanajeshi wa mpakani. Walipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Msimu wa 2020/21 wakashika nafasi ya nne na kwenda Kombe la Shirikisho Afrika. Wakaitoa Dikhil ya Djibouti. Wakaifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 hapa nyumbani, Oktoba 2021. Kilichobaki kilikuwa kwenda Libya kulinda mabao hayo. Safari ikakwama, timu haikufika, ikatolewa bila kupiga mpira. Msimu huo huo ikashuka daraja. Mkoa wenye dhahabu, ziwa, na hifadhi inayotafutwa na dunia nzima, ulishindwa kuwapeleka vijana wake kwenye mchezo ambao walikuwa wamekwisha ushinda nusu.

Nasikia mtu akisema, mtangazaji unachanganya mambo, fedha za hifadhi si za mpira. Sawa. Basi tutazame fedha zilizo za pale pale. Mgodi wa North Mara ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Umepita mikono kadhaa, na tangu mwaka 2019 unaendeshwa na Barrick kwa ubia na Serikali kupitia kampuni ya Twiga, ambayo Serikali ina asilimia 16. Kisheria halmashauri hupokea ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo. Tangu sheria ya madini iliporekebishwa mwaka 2017, mgodi unatakiwa pia kuwa na mpango wa kila mwaka wa kuchangia jamii, unaokubaliwa na halmashauri. Shule zimejengwa, zahanati zimejengwa, maji yamevutwa. Nimeviona. Lakini kwenye orodha za miradi ya namna hiyo kote nchini, kiwanja cha michezo huwa mwishoni, pale ambapo fedha huishia. Diwani akisimama na kudai zahanati anapigiwa makofi. Akidai uwanja anaulizwa kama ana akili timamu.

TANAPA nayo ina utaratibu wake wa siku nyingi wa ujirani mwema, ambao umejenga madarasa na zahanati katika vijiji vinavyopakana na hifadhi. Upande huu wa Tarime ujirani huo umekuwa mgumu, kwa sababu ya mgogoro wa mpaka wa hifadhi na vijiji, mifugo kukamatwa, watu kuumizwa. Sitaingia humo leo, ni mada inayotaka kipindi chake. Ila ujirani mwema ungeanzia wapi vizuri zaidi kuliko uwanjani? Mashine inayosawazisha ardhi ya gofu ikiongezewa siku mbili kijijini, goli la juu na goli la chini yanakuwa sawa. Sina maana ya kukejeli. Nina maana ya mashine, siku mbili.

Na gofu yenyewe ikifunguliwa, watoto wa shule za Mugumu na Natta watengewe siku yao kwa juma, wakiwa na sare zao za shule, ambazo kwa bahati zina kola. Wabeba fimbo waajiriwe kwa mikataba, wafundishwe mchezo kama kazi. Watu wa Arusha tayari wana gofu yao Usa River ndani ya eneo la nyumba za kifahari, na sasa wanajengewa uwanja wa mpira wa watu 30,000 kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Arusha ilichaguliwa kwa kuwa ndiko watalii waliko. Hiyo nayo ni hoja inayojizungusha: mgeni anakwenda palipojengwa, na panajengwa anapokwenda mgeni.

Nirudi Genkuru nimalize, maana muda wangu unakwisha.

Barabara ya kutoka Tarime kwenda Mugumu kupitia Nyamwaga na Nyamongo, kama kilomita 87, imekuwa ikiwekwa lami kipande kwa kipande. Ni habari njema ambayo watu wa huko waliisubiri miaka mingi. Lami ikikaribia, ardhi ya kando inapanda bei, na huo uwanja wa ng'ombe na wanadamu niliowaeleza uko mahali pazuri kwa biashara. Wapo wanaosema pajengwe vibanda vya maduka, kijiji kipate kodi. Wapo wanaosema paachwe. Kijana aliyeumia goti alisema kama watajenga, wajenge upande wa chini, lile goli la chini halimsaidii mtu.

Nikamuuliza yule mzee kama uwanja una karatasi. Akaniuliza karatasi ya nini. Nikamweleza kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inakiruhusu kijiji kutenga ardhi kwa matumizi ya wote, ikaandikwa kwenye mpango, na anayeamua ni mkutano mkuu wa kijiji, ambao ni wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Mtendaji peke yake hawezi, wala mwenyekiti, wala mwenye fedha. Mzee akanyamaza. Kisha akasema, "Mura, katika hao wanaocheza pale, wenye miaka 18 ni wangapi?"

Tukawahesabu. Tuliwapata tisa, na golikipa mmoja aliyekuwa na mashaka na mwaka wake wa kuzaliwa.

Nilipoondoka asubuhi nilielezwa kuwa shauri hilo limewekwa katika ajenda za mkutano ujao. Utafanyikia uwanjani hapo hapo, kwa kuwa kijiji hakina mahali pengine pa kukusanya watu wote, na utaanza mapema ili wamalize kabla ng'ombe hawajarudi.